Uji Uliopozwa kwa Maombi

Simu ililia kabla sijamaliza kuvua koti. Wakati ule nilikuwa mpanga zamu katika kampuni ndogo inayopeleka wahudumu majumbani kwa wazee, na ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa karibu na stesheni ya Rayners Lane, London. Katika kazi ile, anayepiga simu asubuhi na mapema huwa na shida moja kati ya mbili: mhudumu hajafika, au mhudumu amefika. Huyu alikuwa na shida ya pili.

"Huyu mama mliyeniletea," alisema mzee, kwa Kiingereza cha watu waliofundishwa zamani kwa fimbo, "anapunga pepo uji wangu."

Nikamwomba arudie, nikidhani usingizi bado umo masikioni.

"Uji wangu wa shayiri. Anausimamia, anafumba macho, anaukemea kwa lugha nisiyoijua. Ukinifikia umeganda. Mimi siamini kuwa Mungu yupo, na hata kama yupo, sidhani ana shida na shayiri."

Nilimwambia nitalishughulikia. Hayo ndiyo maneno tuliyofundishwa kusema tusipojua la kufanya.

Mzee huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, akiishi peke yake katika fleti ya chini huko Eastcote. Magoti yalikuwa yameshamsaliti. Asubuhi hawezi kutoka kitandani bila mtu, na alishaanguka mara moja akalala sakafuni hadi mtu wa posta aliposikia akiita. Wahudumu alikuwa amewafukuza karibu wote niliokuwa nao. Mmoja alikuwa anapiga miluzi. Mwingine alimwita "darling". Wa tatu alimletea uji wenye mabonge, na hilo mzee alilisimulia kwa uchungu kama mtu aliyeibiwa. Mwanamke wa kaunseli, yaani halmashauri ya mtaa, aliyekuwa na faili lake alikuwa ameniambia waziwazi: huduma ya asubuhi ikivunjika tena, mzee atapelekwa nyumba ya wazee. Na mzee alikuwa amemjibu kwamba atatoka katika fleti yake kwa jeneza tu.

Aliyebaki ni mama mmoja wa Bukavu. Alifika London miaka mingi nyuma akiomba hifadhi, akapata makaratasi, akawa shemasi katika kanisa linalokodi ukumbi kule Edmonton. Alikuwa na mwili mpana, sauti pana zaidi, na chini ya sare yetu ya buluu hakukosa kitenge. Uji wake haukuwa na bonge hata moja. Tena alikuwa na namna yake ya kumwinua mtu kwenye kiti, mikono chini ya makwapa na neno dogo sikioni, mpaka unayeinuliwa hujioni gunia. Kwa ajili ya hayo mawili mzee alimvumilia. Naye alizihitaji zamu zile, maana wanawe wawili walikuwa chuoni na mama yake mzazi bado alikuwa Bukavu akingoja simu kila Jumapili. Mhudumu akiandikiwa kwamba amemnyanyasa mzee kwa sababu ya dini, hapati tena kazi hiyo popote.

Kwa hiyo niliogopa simu ilipolia tena na kuona ni mama huyo, akipiga akiwa ndani ya basi.

"Bwana asifiwe, dada. Mi pia niko na complaint."

"Na wewe?"

"Ile muzee ananilazimisha nisalimie picha."

"Picha gani, mama?"

"Ile ya kwa meza. Ya ile bwana ya miwani. Kila asubuhi muzee anasema, say good morning. Mi nasema hapana. Anasema, you are rude. Mi nasema, Mungu anaona. Leo nikaigeuza iangalie ukuta, nipanguse meza na roho itulie. Weee! Akapiga kelele mupaka jirani akagonga."

Picha niliijua. Mwanamume mwembamba mwenye miwani, amesimama mbele ya ziwa fulani ameshika sandwichi. Alikuwa mume wa mzee. Waliishi pamoja nusu ya umri wao, wakaoana sheria iliporuhusu, na marehemu alikuwa amefariki kabla mzee hajawa mteja wetu. Ilikuwa imeandikwa kwenye faili, na mama alijua tangu siku ya kwanza.

Nilikaa nikashika kichwa. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi nilikuwa mimi.

Nchi hii ina sheria ya usawa, na kila mwaka tulikuwa tunafundishwa upya, kwa chai na biskuti. Ukurasa uleule unamlinda mwenye dini yake na unamlinda anayempenda mtu wa jinsia yake. Wameandikwa jirani, kama mawifi wawili waliokalishwa kochi moja harusini, na anayewakalisha ameondoka. Mwalimu wetu alipenda kusema kuamini ni haki isiyoguswa na mtu. Kuionyesha imani yako ndiko kunakopimwa. Sasa nenda ukapime kwenye bakuli la uji.

Wala sikuweza kujifanya mtu wa upande mmoja. Mimi ni Mwislamu wa Mombasa, nimelelewa kwamba mambo ya chumbani hayaletwi sebuleni, yawe ya nani. Lakini pia nilikumbuka bibi mmoja wa Pinner aliyewahi kukataa mtu wa mtandio asivuke kizingiti chake, na mtandio wenyewe ulikuwa wangu. Siku ile bosi alitoa karatasi ya sheria ileile akanisimamia. Ningewezaje kuitaka sheria inikinge mvua, kisha nimfungie mzee mwavuli?

Bosi wangu alikuwa Mhindi wa Kisumu anayekaa Queensbury. Alianzisha kampuni baada ya duka la viatu kumshinda, na alikuwa mtu mwema mwenye hofu nyingi. Alikuwa amebandika sheria za wafanyakazi chooni, akisema huko ndiko watu husoma. Nilipomweleza, akavua miwani.

"Sasa hii ni kesi ama ni breakfast?"

"Ni vyote viwili."

"Wewe sikia. Mzee akishtaki, tumekwisha. Mama akishtaki, tumekwisha. Wakishtaki wote siku moja, mimi narudi Kisumu nauza omena ziwani." Akafuta miwani kwa tai. "Toa mama, peleka mtu mwingine."

"Nani? Wengine wote mzee ameshawafukuza. Na ukimwondoa mama kwa sababu anaomba, huo nao ni ubaguzi."

"Basi mwambie mzee avumilie."

"Nyumbani kwake? Ageuziwe mume wake ukutani, avumilie? Huo ni ubaguzi mkubwa zaidi."

"Sasa mimi nisimame wapi?"

"Katikati," nikasema, "na mimi."

Nilitangulia kumwita mama peke yake. Nilimpa chai ya maziwa, nikampa na mahamri niliyoyatoa nyumbani, kwa sababu mtu mwenye kinywa kilichojaa hukasirika polepole. Alisikiliza sheria yote hadi mwisho, akitikisa kichwa kama anayesikiliza habari za hali ya hewa.

"Dada, mi sikumutukana. Mi namuosha, namuvalisha, namunyoa ndevu, namuimbia."

"Unamwimbia?"

"Kidogo."

"Nyimbo gani?"

Akatazama mahamri. "Za kutoa pepo."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba yule ni mteja, si mkutano wa injili, na kwamba pepo wa Eastcote wana haki zao. Akacheka mpaka chai ikamwagika, kisha akaniuliza mbona mimi nasema bismillahi kabla ya kuwasha kompyuta. Nikamwambia kompyuta haijawahi kulalamika. Tukaishia hapo, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Bosi akaitisha kikao nyumbani kwa mzee, Ijumaa nikishatoka kuswali. Sebule ilikuwa ndogo, imejaa ramani. Mzee alikaa kwenye kiti chake kirefu, blanketi magotini, mezani kando yake ile picha. Mama alikaa mkabala naye, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kuposa na hana uhakika wa jibu. Mimi nilikuwa mkalimani, maana mama Kiingereza cha kazi alikijua, lakini cha ugomvi aliogopa kingemwangusha. Bosi alifungua faili, akakohoa, akaanza kusoma juu ya heshima na utu.

"Ninachotaka ni kidogo," mzee alimkata. "Aache kuombea uji wangu. Na akiingia asubuhi, atusalimie sote wawili. Hii ni nyumba yetu. Ni adabu tu."

Bosi akamgeukia mama. "Mama, sheria inasema huwezi kumnyima mteja heshima kwa sababu ya... kwa sababu ya yule mtu... yeye alioa..." Akatazama dari. Alikuwa anajua lugha nne na zote zilimkimbia.

"Mi nilimunyima heshima gani?" mama akauliza.

"Picha, mama. Hutaki kuisalimia picha."

"Ile picha ni ya mutu mwenye amekufa."

"Ndiyo. Ni mume wake."

"Amekufa," mama akarudia, akimwangalia bosi kama mtoto mzito darasani. "Mi ni mukristo. Sisemeshe batu benye bamekufa. Hata picha ya baba yangu niko nayo kwa nyumba, sijai isalimia siku moja. Hiyo ni mambo ya mizimu. Pasteur akisikia nasemesha picha asubuhi, ananitoa kwa ushemasi!"

Nikatafsiri. Mzee aliinua nyusi. Siku zote zile, sisi watatu, mimi, bosi na mzee, wataalamu wa haki, tulikuwa tunaandika kesi ya namna nyingine kabisa.

"Unataka kuniambia," mzee akasema polepole, "si kwa sababu mume wangu alikuwa mwanamume?"

Bosi aliona mlango wa kutokea, akaurukia. "Umeona! Haikuwa ile mambo! Ni mizimu tu!"

Mama hakuwahi kuwa mtu wa kuchukua upenyo asiouamini. "Hapana," akasema, "ile nayo ni zambi. Lakini ile ni ya pili."

Nilifikiria kutafsiri nusu. Lakini mkalimani anayechuja hana tofauti na muuza maziwa anayetia maji, nikayasema yote kama yalivyo. Bosi akafumba macho akingojea paa lianguke. Mzee alimtazama mama, akatazama picha, kisha akacheka, kicheko kilichoanza puani kikashuka hadi kwenye blanketi. Sikuwahi kumsikia akicheka.

"Mwambie nimekaa na walimu wenzangu miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kunipangia madhambi yangu kwa nambari."

Nikamwambia. Mama akatikisa kichwa, hakuona kichekesho. Alikuwa amekaza macho kwenye picha, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Dada, muulize. Matanga ya huyu bwana, ilifungwa lini?"

Nikatafuta maneno, nikamuuliza mzee: baada ya kifo, mlifanya nini?

Mzee alijibu kama anayetoa taarifa ya safari. Walikwenda mahali pa kuchomea maiti. Dada wa marehemu alikuwa mtu wa kanisa, aliomba apange yeye mambo yote, naye mzee hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu siku zile, akakubali. Mchungaji alisoma. Alisema marehemu ameacha dada mmoja na wapwa wawili.

"Na wewe?" bosi akauliza.

"Mimi nilikaa nyuma, na marafiki."

"Kisha?"

"Kisha nikapanda basi nikarudi nyumbani. Nikajichomea mkate."

Watu watatu wa dini tatu tukamkodolea macho Mwingereza yule.

"Hakuna mtu alikuja hapa?" bosi akauliza. Sauti yake ya ofisi ilikuwa imeondoka. "Kukaa na wewe?"

"Jirani alituma kadi."

"Nani alipika?"

"Nimekwambia. Mkate."

"Sisi hata adui akifa," bosi akasema, "tunakaa siku kumi na tatu." Alikuwa anatutazama sisi, si mzee, kama anayetafuta shahidi. Nikamwambia kwetu kuna hitima, na watu hulala hapo, na mfiwa haruhusiwi hata kuwasha jiko. Nilikuwa nimekasirika tena, na safari hii sikujua nimkasirikie nani. Dini iliyomketisha nyuma haikuwa yangu, lakini nilijua kwetu pia angeketishwa hukohuko. Ukweli huo ulinikaa kooni, na bado haujashuka.

Mama alikuwa anapiga ulimi kwenye meno. "Njo maana," akasema. "Njo maana! Matanga haijafunguliwa, itafungwa namna gani? Hakuna mutu alimusindikiza huyu bwana. Atafanya nini? Anabaki kwa meza, ananingojea na miwani yake."

Nilitafsiri na hilo pia. Mzee hakucheka. Alinyoosha mkono akaisogeza picha kidogo, ingawa haikuwa imekaa vibaya.

"Matanga ni nini hasa?" akauliza.

Mama alieleza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Watu wanakuja. Wanalia. Wanaimba, wanakula, wanamsema marehemu, mazuri yake na vituko vyake. Kisha yanafungwa, na aliyekufa anakwenda zake, na aliyebaki anaanza kula vizuri.

"Nani angekuja? Marafiki wangu wamekufa au wako Ureno."

"Mi nitaleta bamama," mama akasema, kama anayesema ataleta viti.

Hapo ndipo mazungumzo ya haki za binadamu yalipoanza kwa kweli, na yalikuwa kama kununua samaki soko la Kongowea. Mzee alitaka hakikisho kwamba hakuna atakayetaja dhambi, iwe ya kwanza au ya pili. Mama akakubali, kwa sharti kwamba mzee hatarudia ule mzaha wake juu ya mitume na mashua. Mzee akasema ulikuwa mzaha mzuri. Mama akasimama achukue koti. Mzee akauondoa mzaha. Akasema hakutakuwa na kutoa pepo. Mama akafikiri, akakubali. Mzee akasema nyimbo zisiwe za Mungu.

"Hatujue zingine," mama akasema.

"Hata moja?"

"Iko moja ya mupira."

Mzee akauliza kama hizo za Mungu zina sauti nzuri. Mama alimtazama tu, na mzee akaona ameuliza upuuzi. Nyimbo zikapita.

Ukabaki uji. Huo ulitoa jasho kuliko mume na dhambi, kwa sababu mama alisema hawezi kumpa mtu chakula kisichoombewa, ni kama kumpa sahani chafu, na mzee alisema hawezi kula kilichoombewa, ni kama kutiwa chumvi asiyoiomba. Ni bosi aliyelifumbua, na hadi leo hulisimulia Queensbury nzima. Aliuliza kama maombi yana muda wa kwisha. Mama akasema hayaishi. Basi, bosi akasema, aombee shayiri ikiwa bado ndani ya pakiti, jikoni, mlango umefungwa, kabla maziwa hayajapashwa. Mzee atakula uji wa moto, na Mungu atakuwa ameshapita mapema.

"Na mimi sitasikia?"

"Husikii kitu."

"Basi kilicho ndani ya pakiti ni siri yao," mzee akasema.

Wakaafikiana. Bosi akaomba apewe yote kwa maandishi, lakini mama alikuwa ameshasimama kuvaa koti.

Wiki iliyofuata nilimpigia mama simu, moyo juu. Nilikuwa na hofu na wale wanawake wa kanisa. "Uliwaambia ukweli? Ni nani aliyekufa?"

"Niliwaambia. Mi siwezi danganya kanisa."

"Wakasemaje?"

"Walisema ni zambi. Nikasema ndiyo, ni zambi. Wakauliza, tubebe bugali ama muchele?"

"Na mchungaji?"

"Yeye alisema hatatia muguu. Lakini hakutukataza."

Nikampelekea bosi habari. Akasema kutokuja nako ni haki ya mchungaji, inalindwa kabisa, na akaonekana amefarijika kuipata haki moja isiyomdai kitu.

Jumamosi ile walishuka kwenye basi la Eastcote wakiwa wamevaa kitenge sare, cha zambarau chenye ndege, masufuria yamefungwa kwa leso na kupakatwa kama watoto. Mapazia ya mtaa mzima yalitikisika. Mimi nilikuwa nimefika mapema na deli la chai. Bosi alikuja na boksi la ladu, tamutamu za Kihindi, amevaa suti, akasema amekuja kusimamia utekelezaji wa sheria. Wanawake walianza kuimba wakiwa bado kwenye njia ya maua, sauti tatu tatu, taratibu, na bosi akaanza kulia kabla hata hawajafika mlangoni. Aliniambia ni mafua. Baadaye alisema alimkumbuka baba yake.

Nilikuwa nimepanga viti vyote tulivyovipata. Kile kiti kirefu cha mzee nilikisogeza karibu na meza ya picha. Katika pilikapilika za masufuria sikuona mzee alikokwenda, nikadhani yuko chumbani.

Aliyeingia kwanza alikuwa mkubwa wao, bibi mwenye fimbo, nywele nyeupe zikichungulia chini ya kilemba. Alivuka kizingiti akasimama. Nyimbo zikanyamaza nyuma yake. Kwao, kama kwetu, hukai wala hulii wala hugusi chakula kabla hujaonyeshwa mwenye msiba. Ni lazima umshike yeye mkono kwanza.

"Mujane ni nani?" akauliza.

Bosi akanitazama. Mimi nikatazama zulia. Neno lile, katika kazi yetu yote, halikuwahi kutoka kinywani mwa mama. Kwake marehemu alikuwa "ile bwana ya miwani", na mzee alikuwa "ile muzee". Hakuna sheria inayoweza kuingia mdomoni mwa mtu na kulivuta neno, wala mimi sikuwahi kujaribu. Na wanawake wote wale wa kanisani kwake walikuwa wamesimama mlangoni wakisikiliza atajibu nini shemasi wao.

Mama alitoka jikoni akifuta mikono. Akatazama kiti kirefu, hakuna mtu. Akazungusha macho. Mzee alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwenye stuli ya jikoni chini ya makoti yaliyotundikwa, amevaa suti nyeusi na tai, mikono magotini. Sijui alifikaje pale na magoti yale. Alikuwa amekaa kama mgeni aliyekuja kwa heshima tu na ataondoka mapema.

"Ni huyu," mama akasema, akimwonyesha kwa mkono mzima. Kisha akakunja uso. "Na juu ya nini amekaa kule? Mujane hakae nyuma."

Akapita katikati ya viti. Akaingiza mikono chini ya makwapa ya mzee, akamwambia lile neno lake dogo sikioni, akamwinua. Wakaja hatua kwa hatua, wanawake wakijibana kuwapisha, mpaka kwenye kile kiti kirefu kando ya picha. Bibi mwenye fimbo akapiga magoti kwa tabu, akaishika mikono yote miwili ya mzee, akaiwekea paji la uso.

Mzee akanigeukia mimi. "Wamesema nini?"

"Ameuliza mjane ni nani," nikamwambia. "Mama akasema ni wewe."

"Na lile jingine? Alilosema akiwa amekasirika?"

"Amesema mjane hakai nyuma."

Mzee akainyoosha tai yake, ingawa ilikuwa imenyooka. "Basi," akasema, "waambie wanaweza kuanza."

Lakini walikuwa wameshaanza kulia, na yeye pia.